Makofi ya Kwemvumo

Pikapu ya Jitendra iliingia Kwemvumo imebeba spika nne za bomba, amplifaya, betri za gari na mabunda ya waya, na Jitendra mwenyewe amekaa juu ya hayo mabunda, kwa sababu kiti cha mbele alikuwa amepewa fundi wa serikali. Gari ni lake, spika ni zake, mafuta kaweka yeye, lakini kiti cha mbele si chake. Nililiona hilo kabla gari halijasimama, na nikahisi uchovu.

"Mzee Kibwana," aliniita huku akishuka, vumbi limemfikia hadi kwenye nyusi. "Bado uko hai?"

"Nipo. Na wewe siku hizi umekuwa mzigo?"

"Mimi napeleka spika tu, mzee. Harusi, spika. Maulidi, spika. Watu wanahamishwa, spika." Akajikung'uta suruali. "Hakuna anayeniuliza ninapenda sherehe ipi."

Jitendra nilimfahamu tangu nilipokuwa nakata mkonge kwenye mashamba ya Korogwe. Duka lake lilikuwa karibu na stesheni. Ndiko nilikojifunzia kusoma, kwa magazeti ya zamani ambayo baba yake alikuwa akifungia sabuni. Nilikuwa naikunjua sabuni pole pole nisichane habari. Ndiyo maana hapa kijijini wengine waliniita Gazeti, na hawakuniita hivyo kwa kunisifu.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Nchi nzima ilikuwa inasombwa kwa malori kupelekwa kwenye vijiji vipya, na zamu yetu ilikuwa imefika. Mgeni rasmi angekuja kesho yake kutuambia kwamba Kwemvumo inahamia kando ya barabara kubwa. Mahali penyewe palikwishapimwa, vigingi vimechomekwa, nyumba zije zikae safu safu kama mkonge. Sisi tulipaita Mistari.

Tuelewane hapa. Kwemvumo hatukuukataa ujamaa. Mwaka wa pili baada ya Uhuru, kabla hatujaletewa hilo neno na mtu yeyote, tulichimba kisima chetu kwa mikono, wanaume chini, wanawake wakivuta udongo kwa kamba. Udongo ulimwangukia Mwinjuma, mume wa Bibi Mwaija, na hakutoka mzima. Tulimzika, tukaendelea kuchimba, tukafikia maji. Maji matamu, hayajawahi kukauka hata kiangazi ambacho Wamasai walipita hapa na ng'ombe waliobaki ngozi. Kule Mistari hapakuwa na tone. Maji ya karibu yalikuwa dimbwi la mto wa mchanga, nyuma ya kilima. Kwa hiyo neno letu lilikuwa moja, tumelikubaliana wote: maji yatangulie Mistari, watu watafuata. Tulichotaka ni neno hilo lifike juu kama lilivyo. Hatukutaka kitu kingine.

Fundi wa serikali aliitwa Rehani. Kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, shati limechomekwa vizuri. Aliomba nguzo nne, vijana wakamkatia, akazisimamisha kwenye pembe za kiwanja cha mpira na kufunga spika juu ya kila moja.

"Mgeni anataka sauti iwazunguke watu," alinieleza. "Asiwepo wa kusema alikaa nyuma hakusikia."

"Na sisi tukitaka kumzunguka yeye?"

Akacheka. Alidhani natania.

Jaribio la kwanza, spika zilipiga mluzi ambao mbuzi wote waliukimbia, na Fatu, jirani yangu, akaangusha ungo. Rehani akakimbilia swichi. Alituambia kwamba spika ikiitazama maiki, sauti inatoka hapa inaingia pale, inatoka tena, inajila yenyewe. Akapanda nguzo akazigeuza midomo. Mluzi ukaisha, likaja tatizo lingine. Sauti ya spika za mbali ilichelewa, kila neno likafuatwa na ndugu yake, usijue lipi la kushika. Akasogeza nguzo za nyuma, akainamisha midomo ya spika, akasimama katikati ya kiwanja amefumba macho, akanyoosha kidole kulia, kushoto, juu, chini, na vijana wakawa wanageuza anavyonyoosha. Wakati wote huo Jitendra alikuwa kwenye maiki anasema moja, mbili, tatu. Alipochoka na hesabu akaanza kutaja vituo vya njia ya Moshi.

"Korogwe. Makuyuni. Mombo. Mkumbara. Abiria wa Mkumbara mteremke, mnanijazia gari."

Watoto wakaanguka kwa kicheko. Hata mimi nilicheka. Lakini ile sauti ya Jitendra ikinijia toka pembe zote ilinikumbusha mkutano wetu wa wakata mkonge pale Korogwe, kabla ya Uhuru. Hatukuwa na spika hata moja. Msemaji alisimama juu ya debe. Akisema sentensi moja ananyamaza, walio mbele wanageuka wanawaambia walio nyuma yao, nao wanageuka, mpaka inawafikia wa mwisho kule kwenye miti. Na wa mwisho akiwa na swali, swali linarudi kwa njia ile ile, kichwa kwa kichwa, mpaka linafika kwenye debe. Mkutano ulichukua siku nzima. Tulirudi kambini tumechoka, lakini hakuna aliyerudi na neno lake mdomoni.

Spika zilipotulia, Rehani akatoa kwenye sanduku mashine ya kunasia sauti. Ilikuwa mpya, na aliishika kama mtu anayepakata mtoto wa kwanza. Magurudumu mawili ya utepe juu, na chini yake vidirisha viwili, kila kimoja na mshale wake. Akachomeka waya wa maiki ya mgeni. Kisha akachukua maiki nyingine, akaifunga kwenye mti mrefu, akaisimamisha mahali watu watakapokaa.

"Hiyo ya nani?" nikauliza.

"Yenu, mzee. Ya wananchi."

Nilifurahi. Nakiri nilifurahi. Nilidhani tumepewa mdomo.

"Ipo kwenye spika?"

"Hapana, hiyo ni ya kunasia tu. Jaribu kusikiliza." Akanivisha vile vikombe vya masikioni.

Sikio la kushoto likajaa Jitendra, yuko Mkumbara bado. Sikio la kulia lilikuwa na upepo, na ndani ya upepo Fatu anamgombeza mtu kwa habari ya ungo wake. Nikageuka kumtafuta. Alikuwa mbali, mdomo wake nauona unacheza. Nikavua kile cha kushoto, Jitendra akatoweka. Nikavua cha kulia, Fatu akatoweka.

"Mbona umetutenga?"

"Ndiyo utaalamu wenyewe, mzee wangu. Utepe ni mmoja, lakini una njia mbili. Kushoto mgeni, kulia wananchi, hawagusani. Mtoto akilia hamharibii mgeni hotuba. Sasa mjini, kule redioni, wanakaa nazo wanazichanganya. Hapa wanaongeza wananchi, pale wanawapunguza."

"Wanaweza kutuhamisha?"

"Vipi?"

"Sauti yetu. Kuitoa hapa ilipo waipeleke pale."

"Ah, hilo ni jambo dogo." Alisema kwa fahari ya kazi yake, hakuwa na ubaya wowote. "Ukikohoa mwanzo wa mkutano, wakitaka utakohoa mwisho."

"Na makofi?"

"Makofi ndiyo rahisi kuliko yote. Makofi hayana maneno."

Nikamrudishia vikombe vyake. Nilihisi kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake wazi.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana wageni wengi waliondoka Kwemvumo bila kuielewa. Mgeni akimaliza kusema, tunaishukuru sauti yake. Wote, wake kwa waume, tunakunja viganja tunapiga pole pole, kwa pamoja, sauti nzito, mpaka asimame yule aliyechaguliwa kujibu. Makofi yale maana yake umefika, sauti yako imetufikia. Hayasemi ndiyo wala hapana. Aliyeleta habari ya msiba anapigiwa. Bwana shauri wa Kiingereza aliyekuja kudai kodi ya kichwa alipigiwa, na baada ya makofi akaambiwa kodi haipo. Jibu linakuja baadaye, kwa mdomo mmoja, na mdomo wa Kwemvumo wakati ule ulikuwa Bibi Mwaija.

Nilimkuta kisimani, jua limeanza kulala. Alikuwa anavuta ndoo, na Isihaka, balozi wetu wa nyumba kumi, amekaa kwenye gogo akisafisha koo. Isihaka alikuwa na kikohozi cha kazi, alikitoa kwenye mashine za kuchambua mkonge: kikavu, kinapanda mara mbili kisha kinashuka. Ungekitambua gizani.

"Bibi shikamoo."

"Marahaba, Kibwana. Kaa. Una sura ya mtu aliyeibiwa."

"Kesho tusipige makofi."

Isihaka akatazama juu. "Gazeti limetoka," alisema.

Nikawaeleza. Utepe, njia mbili, kushoto na kulia, mafundi mjini. Nikawaambia watayakata makofi yetu kama kitambaa wayashone wanapotaka. Mgeni atauliza mnahama? Na redio itajibu kwa mikono yetu wenyewe.

"Na maneno yangu?" Mwaija akauliza. "Nayo watayashona?"

"Maneno yako yatabaki sakafuni."

Alimwaga ndoo kwenye mtungi bila haraka. "Kibwana, mgeni akija kwangu nisimpe kiti kwa sababu nimesikia kiti kitapigwa picha?"

"Mpe kiti. Makofi ndiyo usimpe."

"Ni kitu kile kile."

"Bibi, hawa si wageni wa zamani!"

"Basi wao si wa zamani. Mimi ni wa zamani." Akakaa kwenye ukingo wa kisima. "Nitasimama niseme. Akisikia, amesikia. Asiposikia, aibu yake. Lakini nikimnyima mtu shukrani ya sauti yake, aibu hiyo ni ya kwangu, na mimi sina pa kuipeleka. Mwinjuma aliingia humu ndani kwa sababu watu walimwomba kwa adabu. Hata maji haya tuliyapata kwa adabu."

"Na mtayapoteza kwa hiyo hiyo."

Isihaka akakohoa, juu, juu, chini. "Gazeti, nenda ukalale."

Sikwenda kulala. Nilipita nyumba kwa nyumba kabla watu hawajafunga milango. Wengine walinikubalia ili niondoke. Fatu alisema sawa, hatapiga, lakini mikono yake haijui mambo ya redio, akiona wenzake wanapiga itapiga. Wengine waliniuliza kama ninataka kijiji kipewe jina la ukaidi. Niliwahi kuhutubia wakata mkonge wenye mapanga, wakaacha kazi wote kwa neno moja. Siku ile nilishindwa kuwaambia majirani zangu watulize mikono.

Asubuhi nilimwendea Rehani. Nikamwomba jambo dogo: bibi atakapojibu, apewe maiki ya mgeni, maneno yake yaingie upande wa kushoto, palipo na thamani.

"Mzee, maiki ya mgeni ni ya mgeni. Nikimpa mtu mwingine sina kazi." Akaona uso wangu. "Lakini bibi atakaa wapi?"

Nikamwonyesha. Akaenda mwenyewe, akaing'oa maiki ya wananchi, akaichomeka karibu na mkeka wa Mwaija, akaiinamisha kwa urefu wa kinywa cha mama mfupi aliyesimama. "Hatapotea neno," alisema. Na sikuwa na sababu ya kumshuku. Hadi leo sina.

Mgeni alifika kwa magari manne. Sitasema mengi juu yake, alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, na aliyoyasema yalisemwa kila mahali mwaka ule. Shule, zahanati, trekta, barabara. Lakini kazi ya Rehani ilikuwa imekamilika. Sauti ilitoka pande zote kwa pamoja, haichelewi, hailii. Ukimpa mgongo, unamkuta mbele. Wazee waliokaa nyuma kabisa ili wasinzie walishindwa kusinzia. Mapema kabisa aliuliza, "Wananchi wa Kwemvumo, mko tayari kuhama?" Swali hilo lilijibiwa na upepo, na mtoto mmoja akalia. Akaendelea. Akasema tutahama kabla ya vuli. Akasema maji yatakuja. Hakusema lini.

Akamaliza, akashukuru.

Nilikuwa nimeshika fimbo yangu kwa mikono miwili ili mikono isinitoroke. Nikasikia kofi la kwanza upande wa wazee, zito, la kiganja kilichokunjwa. La pili likawa la watu wote. Fatu alipiga. Walionikubalia mlangoni walipiga, wengine huku wakinitazama kwa kunionea huruma. Katikati ya makofi Isihaka akakohoa, juu, juu, chini. Mgeni akainua mikono akitabasamu, na nikaona mshale wa kulia kwenye mashine ya Rehani unaruka mpaka mwisho wa kidirisha chake.

Kisha Mwaija akasimama, na makofi yakakatika kwa pamoja, kama desturi. Karani wa mkutano akamwashiria akae, ratiba imekwisha. Mgeni akasema mwache mama.

"Tumeisikia sauti yako, baba," Mwaija alisema. Kwenye spika hakusikika, lakini kiwanja kilikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Tumeishukuru. Sasa usikie yetu. Hatukatai kuhama. Tunacho kisima, tulimzika mtu tulipokuwa tunakichimba. Huko unakotupeleka hakuna maji. Chimbeni kwanza, hata sisi tutakuja kuchimba, mikono tunayo. Maji yakitoka, siku hiyo hiyo tutajitwika wenyewe, hamtahitaji lori. Yasipotoka, tuacheni hapa. Hilo ndilo jibu la Kwemvumo, na hakuna lingine."

Rehani alikuwa ameinama, vikombe amevibana masikioni kwa mikono miwili. Bibi alipomaliza, Rehani akaniangalia toka kule alikokuwa, akainua kidole gumba. Yote yameingia.

"Nimekusikia, mama," mgeni akasema kwenye maiki yake, na pembe zote nne zikasema amemsikia.

Siku ile tulilala na matumaini. Isihaka alipita kwangu makusudi kunicheka. "Umeona, Gazeti? Ulitaka tumkosee adabu mtu msikivu."

Niliyasikia matangazo nikiwa Korogwe. Nilikuwa nimepeleka machungwa, nikapita dukani kwa Jitendra kununua chumvi. Geeta, mkewe, alikuwa nyuma ya kaunta na redio imewashwa. Akapiga meza. "Mzee Kibwana, njoo! Kwenu hapa! Wanasema Kwemvumo!"

Nikasimama na chumvi mkononi.

"Wananchi wa Kwemvumo, mko tayari kuhama?" mgeni aliuliza. Hapakuwa na upepo. Mtoto hakulia. Yakaja makofi, mazito, ya pamoja, makofi ya viganja vilivyokunjwa ambayo hayapigwi na watu wa mjini. Yalikuwa yetu. Na ndani yake nikasikia kikohozi kikavu, kinapanda mara mbili, kinashuka.

Mgeni akasema tutahama kabla ya vuli. Makofi. Juu, juu, chini.

Mgeni akasema yeyote anayepinga ni adui wa maendeleo. Makofi. Na Isihaka akakohoa tena, palepale, vile vile, mtu ambaye siku ile alikohoa mara moja tu.

Nikamngoja Mwaija. Nilijua hatakuja lakini nilimngoja. Likaja tangazo la bei za pamba.

"Mlifurahi sana," alisema Geeta, naye akifurahi kwa ajili yetu.

Jitendra alikuwa ametoka stoo. Alinitazama, akaenda kuizima redio. "Chai, mzee?"

"Spika zako zilifanya kazi nzuri."

"Najua," akasema. "Kaa unywe chai."

Malori yalikuja mahindi yakiwa yametoa maua. Nguzo za mapaa ziling'olewa ili mtu asirudi. Mwaija alitaka kukifunika kisima kwa magogo, askari mgambo wakamwambia apande, watafunika wao. Hawakufunika. Nilirudi huko baadaye kuchukua mpini wa jembe langu, nikakuta mbuzi ametumbukia, na harufu ilinipokea kabla sijafika.

Pale Mistari tulipewa kila mtu kigingi chake. Isihaka alikuwa ameambiwa na mtu juu ya kikohozi chake redioni. Hakuniita Gazeti tena, na mimi ningependa angeniita. Wanawake walikwenda kwenye dimbwi nyuma ya kilima. Walitoka kungali giza na kurudi jua limekaza, na maji yenyewe ya rangi ya chai ya maziwa. Niliandika barua kwenda wilayani, nikaandika mkoani. Nilikuwa mtu wa barua kali, kila mtu anajua. Nilijibiwa kwamba kwa mujibu wa taarifa zilizopo wananchi waliafiki kwa furaha.

Kiangazi kilichofuata tukaambiwa mgeni anarudi kutupongeza. Pikapu ikaja na spika zile zile. Safari hii Jitendra hakutania, na Rehani alishuka kiti cha mbele akiwa hataki kukutana na macho yangu. Nilimfuata alipokuwa anafunga waya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bibi yuko wapi?"

Alielewa. Hakujifanya. "Mimi nilipeleka utepe wote, mzee. Naapa. Sauti yake ipo mpaka leo, haijafutwa, iko upande wake wa kulia, na utepe uko kabatini. Iko safi kabisa. Hakuna neno lililopotea."

"Iko kabatini."

"Ndiyo."

"Mungu akubariki kwa utaalamu wako," nikasema, nikaenda kukaa kivulini. Hasira niliitafuta nikaikosa. Ilikuwepo miaka yote, nililala nayo, niliamka nayo, na siku ile nilipoinyooshea mkono nilikuta imechoka kama mimi.

Sikuzungumza na mtu yeyote kabla ya mkutano. Hilo naliapia. Sikupita kwenye nyumba hata moja.

Mgeni alisema kwa sauti yake ile nzuri, ikatuzunguka. Akatupongeza kwa moyo wa kujitolea. Akasema Kwemvumo imekuwa mfano, na watu wameisikia redioni nchi nzima. Akasema visima viko kwenye mpango. Akamaliza, akashukuru, akainua mikono kidogo, tayari kuyapokea.

Hakuna aliyepiga.

Spika zilikuwa zinanguruma kidogo, kama zinavyofanya zikikosa cha kusema. Mgeni alibaki na mikono nusu hewani. Rehani aligonga kidirisha cha mshale wa kulia kwa ukucha. Akabana vikombe masikioni. Akachomoa waya, akaupuliza, akachomeka. Kisha akasimama, akaanza kuufuata waya ule chini, ameinama, anaushika kipande kwa kipande, katikati ya watu waliokaa kimya, akitafuta ulipokatika. Akafika kwenye maiki ya wananchi, mbele ya mkeka wa Mwaija. Akaigonga kwa kidole. Akageuka kule kwenye mashine, na hata mimi niliuona mshale ukiruka.

"Waya mzima, mwanangu," Mwaija akamwambia kwa upole. "Hatujapiga."

Rehani alisimama pale na waya mkononi. Karani wa mkutano alianza kupiga makofi peke yake, makavu, ya mjini, akaacha.

Ningepaswa kufurahi. Jambo nililowaomba mlango kwa mlango, nikachekwa, walikuwa wamelifanya bila kuambiwa. Nikawaangalia. Fatu alikuwa amefunga mikono yake ndani ya khanga. Isihaka alikuwa amejibana mdomo kwa ngumi, machozi yanamtoka kwa kukizuia kikohozi. Na Mwaija, nilimwona vizuri kwa sababu nilikaa karibu naye, viganja vyake vilikuwa vimekwisha kukunjwa. Vilikuwa vimekaribiana kabisa. Akavitazama kama vitu alivyoazimwa, akavitenganisha, akavikalia.

Hakusimama kujibu. Hatukuwa tumemshukuru mtu, kwa hiyo hapakuwa na wa kujibiwa.

Magari ya mgeni yaliondoka kabla Jitendra hajamaliza kukunja waya. Watu walitawanyika kama wanaotoka makaburini. Mwaija alijiinua kwa kunishika bega.

"Umefurahi, Kibwana?"

"Hapana, bibi."

"Wala mimi." Alinyoosha vidole vyake, kimoja kimoja, vilikuwa vimekufa ganzi. "Haya, nipishe. Sijachota maji tangu jana."

Akachukua ndoo yake, akaelekea kilimani.